Lenzi Ndogo Yenye Tundu Kubwa: Ipime Kabla Hujalipa

Ukumbi wa harusi saa tatu usiku una mwanga mdogo kuliko tunavyodhani. Macho yetu huzoea giza baada ya dakika chache, sensa ya kamera haizoei. Mpiga picha anayeingia humo na zumu iliyokuja kwenye boksi pamoja na kamera, akaivuta hadi milimita 50, mara nyingi hukuta tundu lake halifunguki kupita f/5.6 au f/6.3. Kamera inapandisha ISO hadi 6400 au 12800, picha inajaa chembechembe, na nyuso za watu zinakuwa kama zimepakwa majivu. Flashi ingesaidia, lakini flashi iliyomulika moja kwa moja inaua rangi zote za mapambo ambayo familia imeyalipia.

Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya ile ya f/5.6. Picha iliyodai ISO 6400 sasa inapatikana kwa ISO 640 hivi, kwa kasi ileile ya shata. Hakuna kifaa kingine cha bei ya kawaida kinacholeta mabadiliko makubwa kiasi hicho. Ndiyo maana namshauri kila anayeanza kazi hii na kamera isiyo na kioo cha kuakisi, kabla hajafikiria kubadili kamera yenyewe, anunue lenzi moja isiyo na zumu: nyepesi, yenye tundu kubwa. Hapo ndipo kazi ya kuchagua inapoanza, kwa sababu lenzi za namna hii ziko nyingi, na kwenye kabati la duka zinafanana.

Kwa maoni yangu kuna jambo moja la kushika kabla ya mengine yote. Lenzi iliyo ndogo, yenye tundu kubwa na ya bei nafuu kwa pamoja ni mapatano. Mhandisi aliyeipunguza uzito kuna mahali amekata. Hakuna ubaya katika hilo. Wewe pia una mahali usipopahitaji. Kazi yako ni kupajua alipokata, kisha kujiuliza kama ni palepale unapofanyia kazi.

Tuanze na hesabu. Namba f/1.8 maana yake ni kwamba ukigawa milimita za lenzi kwa 1.8 unapata upana wa tundu lake. Lenzi ya milimita 50 inahitaji tundu la milimita 28 hivi, ya milimita 35 inahitaji milimita 19 hivi. Chapa haibadilishi hesabu hiyo, wala bei. Sasa chukua lenzi mbili zinazojulikana sana. Canon RF 50mm f/1.8 STM, iliyotoka mwaka 2020, ina uzito wa gramu 160 na ndani yake vipande sita vya kioo. Nikon Z 50mm f/1.8 S, ya mwaka 2018, ina gramu 415 na vipande 12. Ya kwanza ilitoka kwa bei ya dola 200 hivi, ya pili dola 600 hivi. Tundu ni lilelile, namba ni ileile, na ukumbini zitaingiza mwanga unaokaribiana sana. Gramu 255 za ziada zimekwenda wapi?

Zimekwenda pembeni mwa picha. Vipande sita vya kioo vinatosha kabisa kutoa katikati safi hata tundu likiwa wazi kabisa. Mpangilio wa aina hiyo umetumika kwenye lenzi za milimita 50 kwa miongo mingi. Kinachogharimu ni kona kuwa kali kama katikati, taa za mbali kubaki nukta badala ya kuota mabawa, na kingo za vitu vyeupe kutokuwa na zambarau. Nikon hiyo imeyalipia hayo kwa kioo, na juu yake ina mpira wa kuzuia vumbi na unyevu. Canon imeyaacha kwa kiasi fulani, ikakupa lenzi ambayo utasahau kuwa umeivaa. Mtu anayepiga picha za mtu mmoja mmoja, uso ukiwa karibu na katikati na nyuma kumefifia, hizo kona hatazitazama hata siku moja. Anayepiga majengo usiku, au kundi la ndugu waliojipanga ukuta hadi ukuta, atazitazama kila siku.

Kuna njia nyingine ya kupunguza uzito, nayo imefichika zaidi. Kamera zisizo na kioo cha kuakisi hukuonyesha picha ambayo tayari imerekebishwa na programu: mistari iliyopinda imenyooshwa, kona zilizokuwa na giza zimeangazwa. Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo siku hizi wanaiachia programu kazi ambayo zamani ilifanywa na kioo. Fujifilm wana mfano mzuri nyumbani kwao wenyewe. XF 35mm f/1.4 R ya mwaka 2012 ilinyooshwa kwa kioo, na wapenzi wake wanaisifu hadi leo, ila ili ifokasi lazima isogeze vioo vyake vyote kwa pamoja, hivyo ni ya polepole na ina kelele. XF 35mm f/2 R WR ya mwaka 2015 husogeza sehemu ndogo tu ya ndani, inafokasi haraka na kimya, inastahimili manyunyu, lakini imeitegemea programu zaidi kunyoosha mistari. Mimi kwa kazi ya harusi ningechukua ya pili bila kusita. Kwa picha za kutulia, mtu amekaa dirishani na hakuna haraka, ya kwanza ina uzuri ambao namba haziwezi kuueleza.

Marekebisho hayo ya programu yana gharama moja ambayo ni vizuri kuijua. Kona iliyokuwa na giza ikiangazwa, chembechembe zake zinaangazwa pia. Kwa ISO 200 huoni kitu. Kwa ISO 6400, picha ya bwana na bibi harusi waliosimama katikati ya ukumbi itakuwa safi kwao na chafu kwenye mapazia ya pembeni. Ukitaka kuona lenzi ilivyo kweli, ingia kwenye menyu ya kamera, zima marekebisho ya lenzi yanayokubali kuzimwa, piga ukuta mweupe kwa tundu wazi, kisha yawashe na upige tena.

Lakini kabla ya kupima chochote, amua milimita. Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa sababu mtu husikia kwamba milimita 50 ndiyo lenzi ya kwanza ya kila mpiga picha, akainunua na kuifunga kwenye kamera yenye sensa ya APS-C. Sensa hiyo ni ndogo, hukata kingo, na milimita 50 huona kama 75 ingeona kwenye sensa kubwa ya fulufremu. Kwa Canon ni kama 80. Kupiga mtu mzima aliyesimama, kichwa hadi viatu na nafasi kidogo, kamera ukiwa umeisimamisha wima, kwa milimita 50 kwenye fulufremu unahitaji mita tatu hivi. Kwenye APS-C unahitaji karibu mita tano. Pima sebule yako. Wengi tutakuwa tumegonga ukuta kabla hatujafika. Milimita 35 kwenye APS-C inakurudisha kwenye mita tatu na kidogo, na kwenye fulufremu mita mbili na kidogo.

Kwa hiyo mwenye APS-C ninamwelekeza kwenye 35, au hata chini ya hapo kama anafanya kazi kwenye vyumba vidogo na vichochoro vya Mji Mkongwe au Lamu, ambako kurudi nyuma hatua mbili ni kuingia kwenye mlango wa mtu. Mwenye fulufremu achague kati ya 35 na 50 kwa kutazama picha zake za nyuma. Kila faili imeandika ndani yake milimita zilizotumika. Fungua picha ulizopiga kwa zumu, zile unazozipenda, usome. Ukiona 28 na 35 zinajirudia, jibu umelipata bila kumuuliza mtu.

Sasa twende dukani. Nenda na kamera yako mwenyewe, betri imejaa, kadi ina nafasi. Iwe Kariakoo ya Dar au Luthuli ya Nairobi, muuzaji anayekataa usifunge lenzi kwenye kamera yako amekupa jibu, ondoka. Picha za kujaribia usizihukumu kwenye kioo kidogo cha kamera. Zikuze hadi asilimia mia, na kama umepewa siku za kurudisha bidhaa, ukazitazame kwenye kompyuta usiku huohuo.

Jaribio la kwanza ni la tundu wazi. Unanunua f/1.8, basi ipime kwa f/1.8. Lenzi karibu zote ni kali kwa f/5.6, hata zile za boksi, na muuzaji anayekuonyesha picha nzuri iliyopigwa mchana kwa f/8 hajakuonyesha kitu. Mpige mtu aliye umbali wa mita moja na nusu au mbili, taa ya dukani tu, fokasi ikishika jicho la karibu. Kope zionekane mojamoja. Rudia picha kadhaa, kwa sababu fokasi ikikosea mara moja katika picha moja hujajifunza lolote, ikikosea mara kwa mara umejifunza.

Usije ukailaumu lenzi kwa kosa la jiometri. Milimita 50 kwa f/1.8 kwenye fulufremu, mtu akiwa mita moja mbele yako, eneo lililo kali lina kina cha sentimita nne hivi. Akigeuza uso kidogo, jicho moja limo na lingine limetoka. Kwa mita mbili kina kinakuwa sentimita 17 hivi. Wajomba na mashangazi waliopangwa safu mbili hawawezi kutosha humo, hata lenzi iwe ya bei gani. Kwa picha hiyo funga tundu hadi f/4 au f/5.6 na uwashe flashi, uielekeze darini kama dari ni nyeupe.

Jaribio la pili ni la uwiano wa kona, na ndilo watu wengi hawalifanyi. Lenzi inaweza kuwa nzuri kwenye karatasi, lakini hiyo hasa uliyoshika ikawa na kioo kimoja kilichokaa upande, ama kiwandani ama baada ya kuanguka njiani. Toka nje, tafuta bango lenye maandishi ng'ambo ya barabara. Liweke kona ya juu kushoto ya picha, fokasi hapo, piga. Kisha kona ya juu kulia, kisha za chini, kila mara ukifokasi upya, kwanza kwa f/1.8 halafu kwa f/4. Kona zote zikiwa laini sawasawa kwa f/1.8, hiyo ni tabia ya lenzi. Moja ikiwa na ukungu na nyingine tatu hazina, na kwa f/4 bado tofauti inaonekana, hiyo lenzi ni mbovu. Omba nyingine ya aina hiyohiyo.

La tatu ni la rangi zisizoalikwa. Laza gazeti mezani, lipige kwa mshazari ukifokasi mstari wa katikati, tundu wazi. Herufi zilizo mbele ya mstari huo zitakuwa na kivuli cha zambarau au waridi, zilizo nyuma zitakuwa na kijani. Lenzi ndogo nyingi zina hali hii kwa kiasi fulani. Suala ni kiasi. Shela nyeupe yenye shanga, mkufu wa dhahabu chini ya taa kali, kanzu iliyopigwa na jua dhidi ya ukuta wenye kivuli: vyote hivi ndivyo vinavyotoa zambarau, na vyote ni mkate wa kila siku wa mpiga picha wa kwetu. Programu hupunguza rangi hiyo, ila mara nyingine hula na rangi ya nguo. Mwenye kazi nyingi za harusi alitilie uzito jaribio hili kuliko ukali wa kona.

Fokasi yenyewe ipime kwa mtu anayetembea kuja kwako, katika mwanga hafifu kabisa utakaoupata. Kamera hutafuta tofauti kati ya giza na mwanga ili ishike jicho, na uso mweusi chini ya taa za zambarau za ukumbini huipa kazi kubwa. Tundu kubwa huipa kamera mwanga zaidi wa kutafutia, lakini mota ya lenzi nayo lazima ifuate. Sony FE 50mm f/1.8 ya mwaka 2016 ni nyepesi, gramu 186, na picha zake ni nzuri kwa bei yake, lakini mota yake inajulikana kwa kusitasita na kunguruma. Kwa picha za mtu aliyetulia inatosha. Kwa bibi harusi anayeingia ukumbini akicheza, au kwa video yenye sauti iliyorekodiwa kwa maiki ya kamera, itakuudhi. Ukiwa unapiga video, sogeza fokasi kutoka karibu hadi mbali na utazame kama picha yote inapanuka na kusinyaa. Lenzi nyingi za bei ya chini hufanya hivyo waziwazi. Na kama kamera yako haina kitulizaji cha sensa, kama ilivyo EOS R50 na R8, tafuta lenzi yenye kitulizaji ndani yake. Canon RF 35mm f/1.8 Macro IS STM inacho, na gramu zake 305 bado si mzigo.

Michirizi myeusi inayokatiza picha za ukumbini isikufanye urudishe lenzi. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya kielektroniki husoma sensa polepole ikazikuta taa zikiwaka na kufifia. Rudi kwenye shata ya kawaida, weka kasi 1/100 au 1/50. Taa za jukwaani za LED zina mapigo yao wenyewe na mara nyingine hazikubali hata hapo. Jaribu kasi kadhaa kabla wageni hawajaingia.

Mchana kuna tatizo la kinyume. Jua letu la saa sita, kwa f/1.8 na ISO 100, linataka kasi ya 1/8000 ya sekunde. Shata za kamera nyingi za bei ya kati hukomea 1/4000, na video inahitaji 1/50. Basi anayetaka nyuma kufifie ufukweni mchana lazima anunue filta ya kupunguza mwanga, ile ya kijivu. Hapa udogo wa lenzi unalipa: filta ya milimita 43 ya RF 50 ni ya bei ndogo kuliko ya milimita 62 au 77. Nunua pia kikinga mwanga cha mbele. Lenzi nyingi ndogo huuzwa bila hicho, nacho huzuia jua la pembeni na huokoa kioo siku lenzi inapogonga mlango wa daladala.

Kwa mwenye bajeti finyu na kamera ya Canon, kuna njia ambayo naipenda. Lenzi za zamani za EF ziko kwa wingi sokoni, zikiuzwa na waliohamia mfumo mpya wa RF. EF 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015 hufunga kwenye kamera ya RF kwa adapta, na fokasi hufanya kazi kama kawaida. Adapta inaongeza milimita 24, kwa sababu mfumo wa EF ulihitaji milimita 44 kati ya mdomo wa kamera na sensa wakati RF inahitaji 20 tu. Unapoteza udogo, unabaki na pesa. Kwa Nikon uwe mwangalifu zaidi: kwa adapta ya FTZ, lenzi za AF-S hufokasi zenyewe, zile za zamani za AF-D itabidi uzungushe kwa mkono.

Ukinunua iliyotumika, iwe ya EF au ya mfumo mpya, fungua tundu lote, washa tochi ya simu upande mmoja na utazame kutoka upande wa pili kwa mshazari. Vumbi kidogo halina madhara kwa picha. Nyuzi nyembamba zinazotambaa kutoka ukingoni ni fangasi, na katika miji ya pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, ni ugonjwa wa kawaida wa lenzi iliyokaa muda mrefu kwenye mkoba wa ngozi kabatini. Kwa lenzi ya dola mia sita inaweza kufaa kuipeleka kwa fundi anayeaminika. Kwa ya dola mia mbili, gharama ya kuifungua na kuisafisha italingana na kununua nyingine iliyo nzima, kwa hiyo mrudishie mwenyewe, umshukuru, uendelee kutafuta.